Umefanyiwa baipasi ya moyo? Presha ipimwe mikono yote miwili

Tuchukue mfano wa mama aliyefanyiwa upasuaji wa moyo miaka minane iliyopita. Anapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu Kariakoo bila kuhema sana, anatembea kutoka kituo cha daladala hadi nyumbani bila tatizo, lakini akikaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kifua kinabana. Akiiweka nazi chini na kupumzika, kinaachia. Akishika kifuu cha pili, kinarudi. Nyumbani wanamwambia ni gesi, au ni kovu linavuta. Zahanati wanampima presha mkono wa kushoto, wanakuta 108 kwa 68, wanamwambia imeshuka mno na apunguze dawa. Anapunguza.

Hapo yamefanyika makosa mawili kwa mpigo, na chanzo chake ni kimoja: hakuna aliyemuuliza mishipa aliyowekewa kwenye moyo ilitolewa wapi.

Makala haya yanahusu matatizo ya mishipa ya damu yanayoweza kumpata mtu baada ya baipasi. Ni matatizo ya nadra, na nalisema hilo mapema kwa sababu sitaki mgonjwa aliyepangiwa tarehe ya upasuaji aisome makala hii na kuahirisha. Baipasi inaokoa maisha. Lakini haya ya nadra yakitokea huwa yanajitokeza mahali ambapo mgonjwa hategemei, na mara nyingine hata tabibu hategemei: mkononi, mguuni, au kwenye eksirei iliyopigwa kwa sababu ya kikohozi. Ndiyo maana yanachelewa kugundulika.

Mishipa ya kuazima

Moyo una ateri zake (ateri ni mshipa unaotoa damu kwenye moyo kuipeleka mwilini) unazojilishia, ziitwazo ateri za korona. Zikijaa mafuta na kuwa nyembamba, mgonjwa hutibiwa kwa dawa, au huwekewa stenti, yaani kibomba kidogo cha wavu cha kuutanua mshipa, au hufanyiwa baipasi. Katika baipasi daktari haondoi kilichoziba. Anashona njia ya pembeni inayokiruka kizuizi na kupeleka damu mbele yake. Mshipa wa kutengenezea njia hiyo unatoka kwa mgonjwa mwenyewe, sehemu ambayo mwili unaweza kuukosa na ukaendelea.

Sehemu inayojulikana zaidi ni mguu. Kuna vena (mshipa unaorudisha damu kwenye moyo) ndefu inayopanda upande wa ndani wa mguu, kutoka kwenye kifundo hadi kinenani. Kipande chake hutolewa, mwisho mmoja ukashonwa kwenye aota, ateri kuu inayotoka kwenye moyo, na mwingine kwenye ateri ya moyo. Aliyeifanya njia hii ikaenea duniani ni René Favaloro, daktari wa Argentina, alipokuwa akifanya kazi Cleveland, Marekani, mwaka 1967.

Chanzo cha pili ndicho muhimu zaidi kwa mazungumzo yetu. Nyuma ya mbavu, pembeni kidogo ya mfupa wa kidari, inashuka ateri ya kifua. Ile ya kushoto inachipuka kutoka kwenye ateri kubwa inayopita chini ya mtulinga kwenda kulisha mkono wa kushoto. Daktari hukata mwisho wa chini tu wa ateri ya kifua na kuushona kwenye moyo. Juu anauacha ulipoota. Vasilii Kolesov aliitumia kwa wagonjwa Leningrad tangu mwaka 1964, na mwaka 1986 madaktari wa Cleveland walionyesha kwamba waliowekewa ateri hii kwenye mshipa wa mbele wa moyo huishi muda mrefu kuliko waliowekewa vena za mguu peke yake. Baada ya miaka 10, zaidi ya 90 kati ya kila ateri 100 za namna hii huwa bado ziko wazi. Kwa vena za mguu ni karibu nusu tu. Kwa hiyo leo karibu kila mgonjwa wa baipasi anawekewa ateri ya kifua ya kushoto.

Maana yake ni kwamba kwa watu hawa, ukuta wa mbele wa moyo unakunywa damu kutoka kwenye ateri ya mkono wa kushoto. Ukilishika hilo, mengi yatakayofuata yatajieleza.

Hapa Dar es Salaam jambo hili linazidi kuwa letu. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na tangu mwaka 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete palepale Upanga. Kabla ya hapo, na hata baadaye, wengi walipelekwa India. Kwa hiyo mjini kuna watu wenye kovu refu la kifuani ambao miaka imepita tangu wapasuliwe. Aliyewapasua yuko mbali, wengine yuko nchi nyingine. Anayekutana na malalamiko yao ya leo ni tabibu wa zahanati ya Mbagala au muuguzi wa kliniki ya kisukari Temeke, na mgonjwa akisema mkono unachoka, hakuna sababu ya haraka ya kumfanya mtu afikirie moyo.

Damu inapogeuza njia

Ugonjwa uliozibisha ateri za moyo haukai kwenye moyo peke yake. Sukari, presha, sigara na lehemu nyingi huharibu mishipa mwili mzima, na ateri ya chini ya mtulinga ni miongoni mwake. Upande wa kushoto hupata shida hii mara nyingi zaidi kuliko kulia. Wakati mwingine ateri ilikuwa imeshaanza kuwa nyembamba kabla ya upasuaji na haikuonekana. Wakati mwingine ilikuwa safi, ikaziba miaka baadaye.

Sasa fikiria ateri hiyo imebanwa kabla ya pale inapochipukia ateri ya kifua. Damu inayofika mkononi ni ndogo na msukumo wake umeshuka. Mkono ukiwa umetulia, moyo unaweza kupata cha kuutosha. Mkono ukianza kazi, mishipa ya misuli hutanuka na kuhitaji damu nyingi, na haiwezi kuipata kutoka juu kwa sababu ya ule mbano. Anayeishi mtaa wenye maji ya mgao ameona jirani akifunga pampu moja kwa moja kwenye bomba la mtaa: akiiwasha, bomba lako linakauka, na maji yaliyokuwa njiani kuja kwako yanarudi kwake. Ndicho kinachotokea hapa. Damu iliyokwisha kufika kwenye moyo inarudi nyuma kupitia mshipa ule ule wa baipasi, inapanda mpaka mkononi. Mkono unauibia moyo.

Tatizo hili lilielezwa kwenye maandishi ya kitabibu mwaka 1974. Yule mama wa kukuna nazi ana picha yake ya kawaida: maumivu ya kifua yanayokuja na kazi ya mikono kuliko ya miguu. Kufua, kutwanga, kupiga rangi ukuta, kubeba ndoo kwa mkono wa kushoto. Mkono wenyewe unaweza kuchoka upesi, kuwa na ganzi, au vidole kuwa baridi kuliko vya upande wa pili. Na kwa kuwa ateri hiyo hiyo hutoa tawi linalopanda nyuma ya shingo kwenda kwenye ubongo, wengine hupata kizunguzungu mkono ukifanya kazi. Wapo pia wasiohisi kitu hadi mshtuko wa moyo, na wapo ambao dalili yao ni moyo kushindwa kusukuma damu vizuri bila maumivu.

Kuna jambo hapa linaloniumiza, kwa sababu kinga yake haina gharama. Mbano wa namna hii unaweza kuacha alama unayoiona kwa mashine ya presha ya duka la dawa. Mkono wenye mbano husoma chini kuliko mwingine. Tofauti ya 15 au zaidi kwenye namba ya juu, ikijirudia, inatosha kumtilia mtu shaka. Lakini sisi tuna mazoea ya mkono mmoja. Mashine nyingi za nyumbani zina mchoro unaoelekeza mkono wa kushoto, mgonjwa anazoea huo, na muuguzi mwenye foleni ndefu anafunga mkanda kwenye mkono ulio karibu naye.

Matokeo yake ni mabaya kuliko kukosa kugundua tu. Kwa mgonjwa mwenye mbano kushoto, presha ya kweli ya mwili ni ile ya kulia. Yule mama akisoma 108 kushoto, kulia anaweza kuwa na 150. Anapunguziwa dawa wakati presha yake iko juu, na ubongo, figo na moyo vinaumia huku daftari la kliniki likionyesha namba nzuri mwezi baada ya mwezi.

Namna ya kupima ni hii. Keti kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini, usizungumze, tulia kama dakika tano. Mkono ulazwe mezani usawa wa moyo, mkanda uwe wa saizi yako na ufungwe juu ya ngozi, si juu ya sweta. Pima kulia, pima kushoto, kisha rudia kulia, kwa sababu kipimo cha kwanza mara nyingi hupanda kwa wasiwasi na kinaweza kukuletea tofauti ya uongo. Andika zote na upande wake. Tofauti ndogo, ya 5 au 8, ni ya kawaida kabisa. Ikifika 15 na kurudia siku nyingine, nenda na hiyo karatasi kwa daktari wa moyo, na tangu hapo presha yako ipimwe kwenye mkono unaosoma juu. Naamini kila aliyefanyiwa baipasi apimwe hivi walau mara moja kwa mwaka, na kila anayesubiri kufanyiwa apimwe kabla, maana mbano ukijulikana mapema madaktari wanaweza kuuzibua kwanza au kubadili mpango.

Wagonjwa wa figo wana sababu ya ziada ya kujua hili. Anayeanza kusafishwa damu hutengenezewa fistula mkononi, yaani ateri na vena huunganishwa ili damu ipite kwa wingi. Wengi hutengenezewa mkono wa kushoto kwa kuwa wanatumia wa kulia. Kama mtu huyo aliwekewa ateri ya kifua ya kushoto, fistula inavuta damu nyingi kutoka kwenye ateri ile ile inayolisha moyo wake. Baadhi hupata maumivu ya kifua wakiwa kwenye mashine, yakidhaniwa ni presha kushuka. Kisukari kinaharibu figo na moyo kwa pamoja, kwa hiyo mtu mwenye vyote viwili si wa kutafuta kwa tochi. Kabla ya kukubali mkono wa kushoto, mwambie daktari wa figo kwamba ulifanyiwa baipasi.

Matibabu ya mbano wenyewe yapo na si ya kutisha. Kwanza ultrasaundi ya mishipa ya shingo na mkono huonyesha kama damu inarudi nyuma, kisha skani ya CT yenye dawa ya kung'arisha mishipa huonyesha mbano uko wapi. Mara nyingi hutanuliwa kwa puto na kuwekewa stenti kupitia kitundu kidogo kinenani au mkononi, mgonjwa akiwa macho. Ikishindikana, daktari wa upasuaji wa mishipa huunganisha ateri ya shingo na ile ya mkono. Damu ikishapata njia yake, wizi unakoma.

Kivuli kwenye eksirei

Vena ya mguuni ilizaliwa kufanya kazi ya msukumo mdogo. Ukiihamishia kwenye aota inakutana na msukumo wa ateri, kila pigo la moyo, mchana na usiku. Ukuta wake unakuwa mnene, kisha mafuta yanaanza kujijenga. Kwa wengi mwisho wake ni kuziba taratibu. Kwa wachache sana, chini ya mmoja kati ya 100, ukuta unalegea na mshipa unatuna kama kifuko chenye damu ndani. Kwa kawaida hutokea baada ya miaka 10 au zaidi, wakati mgonjwa ameshasahau kabisa habari za upasuaji.

Mshipa uliotuna hauumi lazima. Unaweza kubana sehemu za jirani, kurusha vipande vya damu iliyoganda kwenye moyo, au kupasuka. Lakini wengi hugundulika kwa bahati. Mtu anakohoa wiki mbili, anaambiwa kwa haki kabisa aende akapimwe kifua kikuu, anapigwa eksirei, na pembeni ya moyo kinaonekana kivuli cha mviringo. Asiyejua historia ya mgonjwa atawaza saratani, na kinachofuata kwenye mawazo hayo ni kuchukua kinyama kwa sindano. Sindano ikiingia kwenye mshipa uliotuna, damu itakayomwagika kifuani huenda isizuilike. Kwa hiyo anayesoma eksirei ya mtu mwenye nyaya kwenye mfupa wa kidari aanze na skani ya CT yenye dawa ya mishipa. Nyaya zile za kushonea mfupa zinaonekana wazi kwenye picha. Ni ushahidi tosha kwamba kifua kiliwahi kufunguliwa.

Kuna namna nyingine, inayokuja mapema, wiki au miezi baada ya upasuaji: damu inavuja pale palipounganishwa na kutengeneza mfuko pembeni, mara nyingi kidonda kikiwa kimepata maambukizi. Homa isiyoisha na kidonda cha kifua kinachotoa majimaji visisubiri tarehe ya kliniki.

Mguu unaokosa damu

Hili ni la nadra zaidi, lakini linatokea ndani ya saa chache na linaweza kumgharimu mtu mguu. Kuna watu ambao aota yao imeziba tumboni taratibu, kwa miaka. Mwili hautulii, damu inajitafutia vichochoro. Kimoja cha vichochoro hivyo ni ateri ya kifua: inashuka nyuma ya mbavu, inaungana na ateri za ukuta wa tumbo, inafika kinenani na kulisha mguu. Mgonjwa hajui. Anajua tu kwamba akitembea kidogo vigimbi vinauma, akisimama vinaachia, na anadhani ni uzee.

Daktari akiichukua ateri hiyo kuipeleka kwenye moyo, mguu unabaki bila mlishaji. Unakuwa baridi, unapauka, unauma sana, kisha unakufa ganzi. Misuli haivumilii muda mrefu; kama saa sita zikipita bila damu, uharibifu unaanza kuwa wa kudumu. Kinga yake ni maswali na vidole: kumuuliza mgonjwa kabla kama miguu inauma akitembea, na kupapasa mapigo kwenye kinena. Mapigo yakiwa dhaifu, aota ipigwe picha kwanza. Kwa hiyo ukiwa unasubiri upasuaji wa moyo, usiyafiche maumivu ya miguu kwa kuona ni jambo dogo mbele ya moyo.

Mguu uliotolewa vena nao una mambo yake. Kuvimba kiasi kwa wiki kadhaa na ganzi upande wa ndani ni kawaida. Uvimbe wa ghafla wa kigimbi wenye maumivu si kawaida, unaweza kuwa damu imeganda ndani, na damu hiyo ikisafiri hadi kwenye mapafu inaua. Ultrasaundi ifanyike siku hiyo hiyo. Kisha kuna homa inayorudi. Mtu anatetemeka usiku, anapimwa malaria, hana, na asubuhi mguu ni mwekundu, wa moto, wekundu ukifuata kovu. Anapona kwa antibiotiki, miezi mitatu baadaye inarudi palepale. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walieleza kwamba wagonjwa wa namna hii wengi wana fangasi katikati ya vidole vya miguu: ngozi inapasuka, bakteria wanaingia, na mguu uliopoteza vena na njia zake za majimaji hauwezi kujisafisha vizuri. Kwa joto letu na viatu vya kufunika, fangasi hizo ni za kawaida sana. Anayetawadha mara tano kwa siku akaushe katikati ya vidole kila mara. Fangasi zitibiwe mpaka ziishe, si mpaka muwasho upungue, la sivyo antibiotiki zitanywewa maisha yote.

La mwisho niliguse kwa ufupi kwa kuwa ni kazi ya hospitali kuliko ya mgonjwa. Wakati wa upasuaji kila mtu hupewa heparini ili damu isigande kwenye mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu. Kwa mgonjwa mmoja hadi watatu kati ya 100 wa upasuaji wa moyo, kinga ya mwili huigeukia dawa hiyo, chembe sahani, zile za kugandisha damu, zinaporomoka kati ya siku ya tano na ya kumi, na badala ya kutokwa damu anaanza kugandisha damu mwilini. Siku hizo wengine huwa wamesharuhusiwa. Kidole kuwa cheusi, mguu kuvimba ghafla, mdomo kupinda au usemi kupotea ndani ya wiki mbili za kwanza ni safari ya dharura, na anayempokea aambiwe kwamba mgonjwa alipewa heparini.

Karatasi na makovu

Nimetaja mara nyingi kujua mishipa ilitoka wapi. Habari hiyo imo kwenye karatasi ya kuruhusiwa hospitali, kwa herufi za kifupi ambazo nchi zote hutumia. LIMA ni ateri ya kifua ya kushoto. SVG ni vena ya mguuni. Kinachofuata baada ya herufi hizo, kama LAD au RCA, ni jina la ateri ya moyo iliyounganishwa. Kwa hiyo LIMA-LAD, SVG-RCA inasomeka hivi: ateri ya kifua imepelekwa kwenye mshipa wa mbele wa moyo, vena ya mguu kwenye mshipa wa kulia. Ipige picha kwa simu, mtumie na mtoto au ndugu mmoja anayekupelekaga hospitali, na nakala iingie kwenye faili la kila kliniki unayohudhuria, ya figo na ya sukari zikiwemo.

Kama karatasi ilipotea, makovu yanatoa sehemu ya jibu. Kovu refu au vikovu vidogo upande wa ndani wa mguu ni vena. Kovu upande wa ndani wa mkono, kati ya kiwiko na kiganja, ni ateri ya mkono, ambayo baadhi ya madaktari huitumia pia. Ateri ya kifua haiachi kovu lake peke yake, inatolewa kupitia jeraha lile lile la kifuani, kwa hiyo kutoona kovu jingine hakumaanishi haikutumika. Omba nakala hospitali ulikopasuliwa, hata kama ni India, kwa barua pepe ikiwa na jina kama lilivyoandikwa kwenye pasipoti na mwaka wa upasuaji. Wakikosa kujibu, skani ya CT ya mishipa ya moyo itaonyesha kila mshipa ulikoanzia na ulikoishia, na kama bado unapitisha damu.